Nani Amekufa?

Jirani yetu wa Chwele alituona alfajiri tukipakia hema, sufuria mbili kubwa, mikeka na nusu gunia la makaa kwa Probox ya baba. Akavuka barabara mbio, leso mkononi. "Poleni jamani. Nani amekufa?"

Hakuna aliyekufa. Tulikuwa tunaenda kupiga kambi Turkana.

Na simlaumu. Kwetu Bungoma ukiona familia imebeba hema na sufuria, hiyo ni matanga. Mama mwenyewe, nilipoleta hilo wazo mara ya kwanza, aliniuliza nyumba aliyojenga baba ina shida gani mpaka watu walale nje kama ng'ombe.

Wazo nilitoa YouTube, wapi pengine. Kuna zile familia za Australia zinazozunguka nyika yao wiki nzima, hakuna duka, hakuna jirani, gari lina hema juu ya paa na friji ya sola, watoto wanafanyia homuwaki kiti cha nyuma. Nikasema, si sisi pia tuna nyika? Unatoka Kitale asubuhi kwa baridi na mahindi, jioni uko Lodwar unatafuta kivuli. Ni karibu kilomita 300, na unashuka kutoka kama mita 1,900 hadi kama 500 juu ya bahari. Na barabara ni ileile A1 inayopita Webuye. Tumeishi kando yake maisha yetu yote na hatujawahi kuifuata.

Isipokuwa baba. Miaka ya tisini alikuwa dereva wa lori, akipeleka chakula cha msaada Lokichoggio, wakati ule mji ndio ulikuwa kituo cha misaada ya kusini mwa Sudan. Hilo tulilijua juu juu tu. Kwetu baba ni mtu wa miwa na bei ya mbolea.

Sasa niseme kitu sijawahi kusema hapa. Mnajua niliacha chuo, hata nimefanyia video. Chenye sikusema ni kwamba niliacha mwaka wa pili, na baba akaendelea kunitumia karo semista mbili zaidi. Shilingi 52,000. Pesa ya miwa kidogo, na ng'ombe mmoja mweusi. Hii kamera mnayoisifu kwa komenti ndiyo yule ng'ombe.

Baba haangalii YouTube. Dada yangu mdogo anaangalia, na nilikuwa namnunulia bando ili anyamaze.

Basi tukaenda. Kimilili, Kamukuywa, Kiminini, saa moja tukawa Kitale, ambapo siku hizi nimepanga chumba. Tukajaza mafuta, tukanunua mkate. Kapenguria baba akatuonyesha upande ambao Kenyatta na wenzake watano walihukumiwa, ile kesi iliyoanza 1952. Mama alikuwa amelala. Tulipoanza kuteremka Kamatira akaniambia, bila kunitazama, "Hapa dereva akikanyaga breki mpaka chini zitaungua. Unashuka na gia." Nikarekodi hiyo. Nikafikiria hata kichwa cha video.

Marich ndipo mambo yanabadilika. Barabara inajipenyeza kati ya milima, mto uko pembeni, halafu ghafla milima inakuachilia na mbele kuna tambarare, miiba, mchanga na anga kubwa kupita kiasi. Mtandao ukaanza kuja na kwenda. Na baba akaanza kuongea. Manze, sijawahi kusikia huyu mzee akiongea hivyo. Vile walikuwa wanasubiri polisi ili malori yaende kwa msafara. Vile tanboi alikuwa analala sakafuni kwa kebini mpaka wapite Kainuk.

Mahali fulani baada ya Kainuk alisimamisha gari. Mimi sikuona kitu, mti mmoja tu na mawe. Akashuka, akasimama kama dakika moja, akarudi. "Mwenzangu alipigwa risasi hapa." Mwaka hakusema, na hakuna aliyemuuliza. Nilikuwa narekodi. Sauti imeshika vizuri sana, na hiyo klipu hamtaiona.

Tukaenda kidogo, halafu akasema, "Nilikuwa nahesabu safari. Nikasema wangu watasoma, hawatalala kwa lori." Akaniangalia kwa kioo. "Wewe unamaliza mwaka ujao, sivyo?"

"Ndiyo, baba."

Dada yangu akageukia dirisha.

Lokichar tulipita tu. Lodwar tulikula mbuzi kwa joto ambalo siwezi kulieleza, hata soda ilikuwa inatoka jasho. Halafu tukashika njia ya Eliye Springs, kule ziwani, na njia hiyo ni mchanga. Probox ni gari la maajabu, linabeba mpaka harusi, lakini mchanga haujui sifa za mtu. Tukazama. Mimi nikatoa kamera. Baba akatafuta kijiti, akapiga magoti, akaanza kutoa upepo kwa tairi moja baada ya nyingine ili zilale pana. Vijana wawili wa Kiturkana wakatokea, sijui walitoka wapi. Akawasalimia, "Ejoka," wakacheka, wakasukuma. Kumbe lugha ilikuwa bado iko.

Eliye ni pazuri, sitawadanganya. Mikoma, chemchemi ya maji matamu inayotoka ardhini, halafu hapo chini Ziwa Turkana lenye maji ya magadi, na mamba. Jua likizama unafikiri sasa starehe imeanza. Kinachoanza ni upepo. Hema langu la mitumba halikumaliza saa mbili, mti wake ukakatika katikati. Tukatandika mikeka nyuma ya gari, mama akaficha jiko kwa ubavu wa tairi, tukala ugali na samaki tuliouziwa na wavuvi. Ugali ulikuwa na mchanga. Baba akawasha moto.

Na hapo ndipo nilimwelewa yule jirani. Sisi familia zetu zinakaa kuzunguka moto usiku kucha siku moja tu, siku mtu amekufa. Ndiyo siku utasikia kaka akisema vile marehemu alimlipia karo, mke akisema kitu alimficha miaka kumi. Ukweli wote unasemwa, na mwenye kuusikia yuko kwa sanduku. Nikamwangalia baba, mzima, anachokora makaa. Nikaogopa kuliko nilivyoogopa Kainuk.

Nikasema. Sikupanga maneno. Nilisema mwaka, nikasema pesa, nikasema bando ya dada pia.

Alikaa kimya mpaka mama akaita jina langu, polepole, kama anauliza kama ni mimi.

"Pesa ilienda wapi?" baba akauliza.

"Iko kwa begi."

Akataka kuiona. Nikampa. Akaigeuza karibu na moto, akaipima uzito kwa mkono mmoja.

"Hii ndiyo ile ng'ombe nyeusi?"

Mama alicheka, halafu akaacha.

"Utairudisha," baba akasema. "Sisemi karo. Ng'ombe." Akanirudishia kamera, akajifunika blanketi mpaka kichwani, akalala. Mimi sikulala. Nyota zilikuwa nyingi kama mtu amezimwaga, na sikupiga hata picha moja.

Kesho yake hakuniongelesha mpaka Marich. Hapo alisimamisha gari, akaniambia nishuke nicheki upepo wa tairi. Nikacheki zote nne.

Hiyo ilikuwa Aprili. Kila mwisho wa mwezi namtumia kwa M-Pesa, 3,000, mara nyingine 4,000 video ikienda vizuri. Jibu lake ni neno moja, "Imefika." Mpaka sasa nimetuma 19,000. Wiki jana, kabla hata sijatuma, aliniandikia kutoka sokoni Chwele: "Mtamba mwenye mimba sasa ni 65,000. Bei inapanda."