Mshahara wa Shangazi

Mama alipopata kiharusi, mwaka 2024, alikataa katakata kuhamia kwangu Kinondoni. Nikamtafutia mtu wa kumtunza huko huko Kimbiji: mama mmoja jirani, niliyemwita shangazi. Yeye akamwita mama wifi, na akaendelea kumtania hivyo hata siku ambazo mama hakuweza kujibu.

Tulikubaliana shilingi 70,000 kwa mwezi. "Huku shamba, shangazi, maisha nafuu," nilimwambia. Hakubisha. Kazi yenyewe ilikuwa kumgeuza mama kila baada ya saa mbili asipate vidonda, kumwogesha, kumlisha uji kwa kijiko, kuunyoosha ule mkono uliolala. Usiku ilikuwa zamu ya mdogo wangu. Alfajiri shangazi yuko mlangoni.

Jumapili moja binti yake alikuja kumsalimia mama. Akamgeuza, mkono mmoja begani, mwingine nyongani, mama hata hakuguna. Kumbe anatunza mzee Masaki, baba wa mfanyabiashara mkubwa, kwa 250,000.

"Nani kamfundisha?" nikauliza.

"Mimi," akasema shangazi.

Kati ya mama na binti kuna daladala ya kwenda Feri, pantoni, na daladala nyingine. Basi.

Nilienda kusoma Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023. Niseme ukweli, nilikuwa natafuta pa kujificha. Wakati huo, mfanyakazi wa nyumbani kwa mwanadiplomasia au mfanyabiashara mkubwa, 250,000. Kwa sisi wengine, asiyelala kwa mwajiri, 120,000; anayelala, 60,000. Amri ile iliuliza mwajiri ni nani na mfanyakazi analala wapi. Mgonjwa ana uzito gani haikuuliza. Lakini Kimbiji wala Masaki haikuwamo. Umbali niliuingiza mimi mwenyewe, tena kwa hoja ya uongo, maana sukari ya duka la Kimbiji inatoka mjini na nauli yake imo ndani ya bei.

Mwisho wa mwezi nilimpelekea 120,000, pamoja na nyongeza ya miezi iliyopita. Alizihesabu taratibu, akazifunga kwenye ncha ya kanga.

"Kumbe ulikuwa nazo, mwanangu."

Halafu akaangalia saa ukutani, akaingia chumbani. Muda wa kumgeuza wifi yake ulikuwa umefika.