Mwezi Mwekundu na Vitabu Vyetu

Vijana wa kambi ya Gasorwe, hapa Muyinga, wananiuliza mambo mengi: shule, kazi, lini tutarudi Kongo. Lakini mwisho wa Agosti 2025 swali lilikuwa moja tu. "Kaka, ni kweli mwezi itageuka damu?"

Usicheke. Mwaka ule Goma ilianguka mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili, na watu kwa maelfu walivuka mto Rusizi kuingia Burundi. Kila nyumba ilikuwa na ndugu ambaye simu yake haikupatikana. Ndipo ujumbe wa sauti ukaanza kuzunguka kwenye simu: mhubiri mmoja anasema tarehe 7 Septemba mwezi utakuwa mwekundu, nabii Yoeli aliandika hivyo, na vita itatufuata mpaka huku. Kijana wa miaka 16 akaniambia hajiandikishi shule. "Nisome ya nini, kama tutakimbia tena?" Mama mmoja aliuza maharagwe ya nyumbani apate nauli. Nauli ya kwenda wapi, hata yeye hakujua.

Mimi si pasta wala shehe. Ni mtu wa vijana, nimemaliza sekondari, basi. Lakini niliona hofu hii imetoka kwenye kitabu, na mtu aliyetishwa na kitabu humtoi hofu kwa kumwambia sayansi peke yake. Lazima urudi naye kwenye kitabu kilekile.

Hapo nikakumbuka Gitega. Tulikuwa huko kwa mafunzo ya vijana, na jioni padri mmoja mzee alikuwa anakaa nasi kuzungumza. Alituambia tusome Mwanzo sura ya kwanza polepole. Siku ya nne Mungu anaumba jua na mwezi, lakini majina yao hayatajwi. Inaandikwa mianga miwili, mkubwa na mdogo. Kwa nini? Kwa sababu majirani wa Israeli waliyaabudu. Babeli, jua lilikuwa mungu Shamashi, mwezi mungu Sini, na nyota ya Zuhura mungu wa kike Ishtari. Mwandishi wa Mwanzo amewavua hao wote uungu. Amewafanya taa. Kazi yao ni kutoa mwanga na kuhesabu siku, majira na miaka.

Watu wa zamani waliona mbingu kama paa gumu lililotandazwa, maji yakiwa juu yake na taa zikiwa zimewekwa ndani. Waliona pia nyota tano ambazo hazikai mahali pamoja: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtari na Zohali. Ndiyo sababu tunaziita sayari, neno la Kiarabu linalotokana na kutembea. Babeli walizifuatilia usiku kwa usiku na kuandika kwenye vigae vya udongo. Mwishowe walijua kwamba kupatwa kwa mwezi kunajirudia kila baada ya miaka 18 na siku chache. Lakini bado waliogopa. Wafalme wa Ashuru na Babeli, wakiambiwa kupatwa kunawatishia, walimtafuta mtu mnyonge, wakamvika nguo za kifalme na kumkalisha kwenye kiti ili mabaya yampate yeye. Siku zikiisha, anauawa. Mfalme anarudi kazini.

Hapo nilinyamaza muda. Hofu ni ya mkubwa, anayelipa ni mdogo. Na sisi, maharagwe ya nani yameuzwa?

Israeli nao walipelekwa Babeli kwa nguvu, karibu miaka 600 kabla ya Kristo. Walikuwa wakimbizi kama sisi, katikati ya wasoma nyota. Yeremia sura ya 10 inawakataza kuogopa ishara za mbinguni ambazo mataifa wanaziogopa. Na katika sura ya 29 nabii huyohuyo anawaandikia barua waliohamishwa: wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuzaa. Hakuwaambia wakae wanangoja mwezi.

Na kwa kuwa vijana wangu wengine ni Waislamu, nilimwendea ustadhi mmoja mjini Muyinga. Alinisimulia habari ya Nabii Ibrahim katika sura ya Al-An'am: anaona nyota, inazama, anaona mwezi, unazama, anaona jua, nalo linazama. Kinachozama hakistahili kuabudiwa. Kisha akaniambia kilichotokea Madina mwaka 632. Mtoto mchanga wa Mtume, naye akiitwa Ibrahim, alifariki, na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema jua limemlilia. Mtume, katika msiba wake, alikataa. Aliwaambia jua na mwezi ni ishara mbili za Mungu, hazipatwi kwa kifo wala kwa uhai wa mtu yeyote. Mkiona hivyo, swalini.

Tarehe 7 ilikuwa Jumapili. Tulikusanyika uwanjani, Wakristo na Waislamu, nikawaeleza: dunia imeingia kati ya jua na mwezi, na wekundu ule ni mwanga wa jua uliopita pembeni mwa dunia, kama rangi ya jioni. Kuanzia saa moja na nusu mpaka karibu saa tatu usiku mwezi ulikuwa kama kaa la moto. Wengine waliomba, wengine walipiga picha. Kisha ukarudi mweupe.

Vita haikuisha. Watu waliendelea kufa Kivu, na sababu iko hapa chini, kwa wanaobeba bunduki na wanaowalipa. Kuusingizia mwezi ni kuwapa hao nafasi ya kujificha. Yule kijana alijiandikisha shule. Maharagwe hayakurudi.

Ndugu wa mashirika, msicheke watu wakiogopa mbingu; kaeni nao msome. Wazazi, ujumbe ukija kwenye simu, ulizeni kwanza nani atalipa gharama ya hofu hiyo. Maana utakuja tena. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa, na huko Luxor, Misri, mchana utakuwa giza kwa zaidi ya dakika sita. Siku hiyo msikimbie, msiuze kitu. Ila jua si kama mwezi: msiliangalie kwa macho matupu.