Kutu Ilindayo na Kutu Ilayo

Sisi tukaao kando ya Tshangalele tumezoea maji. Ziwa hili lilitokea mto Lufira ulipozibwa huko Mwadingusha, mnamo mwaka 1930. Maji hupanda wakati wa mvua, hushuka wakati wa kiangazi, na matope hubaki.

Basi, tulipotaka gati ndogo ya kupakulia samaki, tulinunua kontena kuukuu lililokwisha kubanduka rangi. Fundi akatuambia: "Wazee wangu, msisumbuke kulipaka rangi tena. Kutu ya chuma hiki ndiyo rangi yake."

Hakusema uongo. Makontena mengi huundwa kwa chuma cha namna ya pekee, ambacho Wamarekani walianza kukiuza mwaka 1933. Hutiwa shaba kidogo, pungufu ya moja kwa mia, pamoja na kromi. Sisi watu wa upande wa Likasi, ambao baba zetu walichimba shaba, tulifurahi kusikia hivyo. Kutu ya chuma cha kawaida hubanduka, na maji na hewa hupenya tena. Kutu ya chuma hiki hushikamana, ikawa ngozi nyembamba na ngumu. Chini yake chuma hubaki na nguvu zake karibu zote.

Mabamba mengine tuliyasimamisha yawe ukuta wa ghala, mengine tukayalaza yawe sakafu ya gati. Baada ya miaka sita mama mmoja alipita na beseni la samaki kichwani. Sakafu ikatoboka, mguu ukazama mpaka pajani. Alipata jeraha tu, tukamshukuru Mungu.

Tulishangaa sana. Chuma ni kile kile, na kutu ni ya rangi ile ile. Tukatwaa kisu tukakwaruza. Ukutani kisu kiliteleza. Gatini magamba yalibanduka kama kurasa za kitabu. Ndipo tulipofahamu: ngozi ile haikomai ila chuma kikilowa na kukauka, kikilowa na kukauka. Ukuta hupigwa na mvua, kisha jua. Sakafu ililala chini ya matope na nyavu mbichi, wala haikupata kukauka.

Tena, nguvu za chuma hazimo katika kutu, zimo katika unene uliobaki. Bamba bapa la milimita 2, likiliwa hata ikabaki milimita 1, halibebi nusu ya mzigo wa kwanza, bali robo tu.

Gati tumeijenga upya kwa mbao, na kila Jumamosi vijana huifagia. Ghala tumeliacha lilivyo.

Ndugu msomaji, ikiwa kwenu kuna daraja dogo au ngazi ya chuma chekundu, usitosheke na kutazama rangi yake. Fagia matope, kwaruza, pima unene. Yule fundi alituambia habari ya chuma. Habari ya maji yetu tulipaswa kumwambia sisi.