Anauma au Anaumwa

Wengi wenu mnaosoma kumbukumbu hizi mlilelewa, kama nilivyolelewa mimi, katika nyumba ambamo mbwa hakuvuka kizingiti. Asili yetu ni Pemba. Baada ya 1964 ukoo wetu ulitawanyika: baadhi wakaishia Maskati, baadhi Dubai, na sisi tukatua Portsmouth, mji wa bandari kusini mwa Uingereza. Tulihama na buli la kahawa, na misahafu, na hofu zetu pia. Hofu ya mbwa ilikuwa mojawapo.

Hofu hiyo ilikuwa na mizizi miwili, na ni vyema kuitenganisha. Mzizi wa kwanza ni twahara. Sisi ni Mashafii, na kwa Mashafii chombo alichokilamba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. (Wamaliki humwona mbwa aliye hai kuwa si najisi, jambo ambalo marehemu ami yangu hakupenda likumbushwe mbele ya watoto.) Mzizi wa pili ni kichaa cha mbwa. Maradhi haya hupita kwa mate, na dalili zikishamdhihirikia mtu aliyeumwa, ni nadra mno kupona. Moja ya alama zake za mwanzo ni mnyama kubadilika tabia ghafla: mpole akawa mkali, au mkali akawa mpole kupita kiasi. Kwa hiyo wazee wetu waliposema “mbwa akigeuka, mwue”, hawakuwa wajinga. Hata leo, ukiwa likizoni kwetu akakuuma mbwa, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 kisha uende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mwenye mbwa anakuapia kwamba ni mzima.

Lakini Uingereza hakuna kichaa cha mbwa kwa wanyama wa nchi kavu tangu 1922, na mbwa ninayemwelezea hajapata kuvuka bahari.

Jina lake ni Kunguru, kwa kuwa ni mweusi mwenye shingo ya kijivu kama kunguru wa Unguja. Aliingia kwetu akiwa kinda, kwa mapatano niliyoandikiana na Mama kana kwamba ni mkataba wa shamba: mbwa atakaa chumba cha nyuma na bustanini, hatapanda ghorofani, hatakanyaga ukumbi anaposwali Mama. Miaka 12 Kunguru aliyashika mapatano hayo kuliko baadhi ya wajukuu.

Kisha, katika wiki moja ya Januari, akawa mbwa mwingine. Usiku alizunguka chumba cha nyuma, kucha zikilia sakafuni mpaka alfajiri. Nilimkuta amesimama pembeni, uso ameuelekeza ukutani, kama aliyesahau alichokijia. Alikataa kushuka ngazi mbili za bustanini. Siku ya nne alikojoa ukumbini, hatua chache kutoka kwenye msala wa Mama. Siku ya sita mtoto wa dada yangu, mwenye miaka sita, alimkumbatia shingoni kama alivyozoea, naye akanguruma na kuuma hewa, meno yakilia karibu na shavu la mtoto.

Jioni ile simu za ukoo hazikupumzika. Kaka yangu aliyeko Maskati alitoa hukumu kabla hata sijamaliza kueleza: mbwa aliyemtishia mtoto hana nafasi nyumbani, achomwe sindano amalizwe. Binamu wa Dar es Salaam alisema ni kichaa, hana shaka. Halati mmoja alinituma nimsomee maji, kwani mnyama anayeutazama ukuta huona tusichokiona. Dada yangu hakusema lolote, na kimya chake ndicho kilichonielemea, kwa sababu mtoto ni wake.

Aliyeamua ni Mama. Ana miaka themanini na kitu, na katika miaka yote ile hakuwahi kumgusa Kunguru hata kwa ncha ya bakora. Alisimama mlangoni pa chumba cha nyuma, amejitanda kanga yake, akamtazama muda mrefu.

“Huyu hataki kuuma, mwanangu,” alisema. “Huyu anaumwa.”

Ndipo akanisimulia kisa ambacho hakuna kati yetu aliyewahi kukisikia. Alipokuwa na miaka kama tisa, babu yangu alikuwa na shamba la mikarafuu upande wa Wete, na mbwa wa kulinda karafuu zilizoanikwa. Msimu mmoja mbwa yule akaanza kuwangurumia wachumaji, na akamrarua mmoja kanzu. Babu alitoka na bunduki. Mama alikuwa amemwona mbwa siku mbili kabla: chini ya jicho moja palikuwa na uvimbe kama kungu, naye alikuwa akila upande mmoja wa mdomo. Hakuna aliyemuuliza mtoto wa kike, naye hakuthubutu kusema mbele ya wanaume. Uvimbe wa namna hiyo, nimejifunza sasa, mara nyingi ni usaha kwenye mzizi wa gego la juu. Simlaumu babu. Yeye alikuwa na watu wa kuwalinda, na hakuwa na daktari wa wanyama wa kumuuliza.

Sisi tulikuwa naye. Swali lake la kwanza lilikuwa kama mabadiliko yalikuja polepole au kwa ghafla. Uzee, alisema, huingia kama maji kupwa na kujaa. Jambo la ghafla kwa kawaida lina sababu ya kutafutwa. Akataja maumivu ya viungo na meno, maambukizi ya mkojo, macho au masikio yaliyozimika, tezi zisizofanya kazi sawasawa, shinikizo la damu, hata uvimbe kwenye ubongo. Akaeleza pia habari ya mbwa wazee wanaoamka siku moja wakiwa wamepinda kichwa, macho yakichezacheza, wakianguka ubavu. Wenyewe hudhani ni kiharusi na kuomba sindano ya mwisho, kumbe aghalabu ni hitilafu ya mizani ndani ya sikio, na wengi hupata nafuu ndani ya siku au wiki chache.

Vipimo vya damu na mkojo vilifanywa, naye akampapasa uti wa mgongo kipande kwa kipande. Alipofika shingoni, Kunguru alilia. Alikuwa na baridi yabisi ya shingo, pale pale mtoto alipomkumbatia, pamoja na maambukizi ya mkojo. Alipewa dawa zote mbili. (Wale mlionishauri kumpa vidonge vyetu vya maumivu, tafadhali msifanye hivyo kwa mbwa yeyote: ibuprofeni humharibu tumbo na figo.) Baada ya siku kumi ukumbi ulikuwa mkavu na mngurumo umekwisha. Hata hivyo, mtoto amefundishwa kumsubiri Kunguru aje mwenyewe.

Kuzunguka usiku hakukuisha, wala kuutazama ukuta. Hilo, daktari alisema, ni akili inayopungua kwa uzee, maradhi yanayofanana na yale ya binadamu hata kwa protini inayojikusanya katika ubongo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2001 ulikuta angalau dalili moja kwa asilimia 28 ya mbwa wa miaka 11 hadi 12, na asilimia 68 ya wale wa miaka 15 hadi 16. Hakuna dawa ya kuyaponya. Kuna taa ndogo usiku, vyombo visivyohamishwa mahali, matembezi mafupi saa zile zile, na chakula maalumu ambacho daktari anadhani kinasaidia kidogo.

Taa ni ya Mama. Akiamka kwa tahajudi husikia kucha sakafuni, huteremka hadi ngazi ya tatu, wala hapiti hapo, na kusema naye kwa Kipemba: “Lala, we, bado kucha.” Kunguru masikio yake yamefifia, sijui asikiacho. Husimama, kisha hulala.

Kaka yangu bado anaona tumefanya mchezo na usalama wa mtoto, na tukizungumza hatuliingii suala hilo. Daktari amenitaka niandike kila jioni kama siku ilikuwa njema au mbaya, ili wakati ukifika tujue. Mwezi huu siku njema ni nyingi zaidi. Mama ameshachagua mahali: mwisho wa bustani, chini ya mtufaha, mbali na bomba analotawadhia.