Gurudumu Lililokuwa Baridi

Wengi wetu tukaao kando ya barabara kuu tumezoea kuyaona malori yakipita usiku na mchana, wala hatuyafikirii tena. Twayajua kwa ngurumo yake na kwa vumbi lake, basi. Ni wachache miongoni mwetu waliopata kujiuliza: chombo kizito namna ile chashikwaje, kisije kikakimbia kiteremkapo mlimani? Sisi nasi hatukujiuliza hata siku moja, mpaka jioni moja ya mwezi wa Agosti, mwaka 2022, tulipofundishwa na kijana ambaye zamani tulimfundisha kusoma.

Kijana huyo ni mpwa wetu, mtoto wa dada yetu. Kazi yake ni kuendesha lori la tela, na siku ile alikuwa akitoka Tunduma na shehena ya shaba ya Zambia, akienda Dar es Salaam. Dada yetu, yaani mama yake mzazi, alikuwa amelazwa hospitalini Morogoro, akingoja kupasuliwa kesho yake asubuhi. Tukapatana kwa simu kwamba atatupitia Iringa, tusafiri pamoja na kufika usiku, ili mama atuone kabla ya kuingizwa katika chumba cha upasuaji.

Tuliondoka Iringa saa tisa alasiri. Tulipopita Ilula, na kabla ya kuanza kuuteremka mlima wa Kitonga, mpwa wetu alitoka barabarani, akasimamisha lori mahali tambarare. Utingo wake akaruka chini, akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Sisi tulidhani wanataka kujinyosha tu. Kumbe kijana alianza kulizunguka lori zima, akikaribisha mgongo wa mkono wake kwa kila gurudumu bila kuligusa, kama mama apimaye joto la chungu kilichoko jikoni.

Alipofika upande wa kushoto wa tela, katika ekseli ya pili, alisimama. Akarudia mara mbili. Kisha akatuita, "Mjomba, njoo uone. Gurudumu hili ni baridi."

Tukamjibu kwamba hilo ni jambo jema, maana kilicho baridi hakiungui. Akacheka kidogo, akasema, "La, mjomba. Tumekwisha kuteremka vilima kadhaa tangu Iringa. Wenzake wote wana joto kwa sababu wamefanya kazi. Huyu hakufanya kazi, na kazi yake wamebebeshwa wengine."

Hapo ndipo tulipoanza kufahamu. Fikirini watu kumi washushao gogo zito mlimani kwa kamba. Watatu wakiilegeza mikono kimyakimya, gogo halianguki mara moja, kwani wale saba bado wameshika. Lakini kamba itawachoma viganja wale saba, nao watashindwa mmoja baada ya mwingine, na gogo litakwenda lipendako. Breki za lori ndivyo zilivyo. Isiyoshika haijitangazi, huonekana kwa mateso ya zile zinazoshika.

Na mateso hayo si madogo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 yaruhusu lori na tela lake, lenye ekseli za kutosha, kufikia uzito wa tani 56. Tulipiga hesabu kama tufanyavyo ubaoni: lori la tani 50 likiteremka mlima wenye kimo cha mita 300, nguvu inayotoka katika uzito ule, kama yote ingegeuka kuwa joto, ingetosha kuchemsha maji ya baridi zaidi ya madebe 20. Sehemu ya nguvu hiyo huchukuliwa na injini na sehemu na hewa. Iliyobaki yote sharti imezwe na breki. Tena mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kuzuiwa huzidi mara nne.

Sasa tueleze kwa ufupi jinsi breki hizi zinavyofanya kazi. Huitwa breki za upepo. Zilianzia katika magari ya moshi, na George Westinghouse wa Marekani alipewa hati ya ubunifu wake mwaka 1869. Injini huendesha pampu inayojaza upepo katika mitungi. Dereva akikanyaga, upepo huingia katika chombo kilicho karibu na gurudumu, ukasukuma kijiti cha chuma. Kijiti husukuma mkono wa chuma, na mkono huo hutanua viatu viwili vilivyo ndani ya dramu, ambayo huzunguka pamoja na gurudumu. Juu ya kila kiatu mna lainingi, nayo ndiyo isuguanayo na dramu. Lainingi huliwa kidogo kidogo, kama jembe liliwavyo na udongo, na kadiri iliwavyo ndivyo kijiti kinavyolazimika kusafiri mbali zaidi ili viatu vifike kwenye dramu.

Mpwa wetu alituomba chaki. Mwalimu hakosi chaki mfukoni, tukampa. Akaingia uvunguni, akatia alama katika kijiti cha lile gurudumu baridi, kisha akamwambia utingo aachilie breki za kuegesha na kukanyaga pedali. Kijiti kikatoka. Akatia alama ya pili, akapima kwa rula. Ilikuwa karibu sentimita 6, na kwa chombo cha ukubwa ule haifai kupita 5. "Nacho hakina urefu mwingi wa ziada," akasema. "Kikifika mwisho wake, upepo husukuma bure."

Tukamwuliza, "Lakini mbona lori lilisimama vizuri pale Iringa?" Akajibu neno ambalo hatutalisahau. Alisema kwamba dramu ikipata moto hutanuka, ikajitenga na viatu. Kijiti kilichokuwa kikifika kwa shida dramu ilipokuwa baridi hakifiki tena ikiwa ya moto. Kwa hiyo breki mbovu huweza kushika tambarare na katika vilima vidogo, ikamdanganya mtu, kisha ikamwacha katikati ya mteremko mrefu. Mshale wa upepo hausemi kitu, maana upepo u tele mtungini. Lililopungua ni jingine.

Alimulika tochi katika tundu la kuchungulia, akatuonyesha lainingi. Ilikuwa nyembamba, haikufika hata robo ya inchi, na vichwa vya ribiti vilikuwa karibu kuikwaruza dramu. Na ule mkono wa chuma, ambao hutengenezwa ujikaze wenyewe kadiri lainingi iliwavyo, ulikuwa umekwama kwa kutu na kukosa grisi.

Tukamshauri akaze kwa spana, twende zetu. Yeye akakataa. Alisema kwamba mkono wa namna ile ukilegea, sharti kuna sababu, na kuukaza kwa spana bila kuondoa sababu ni kumfunga jipu mgonjwa kwa kitambaa ili lisionekane. Akampigia simu mwenye lori. Tulisikia sauti ya yule bwana ikisema kwamba shehena inangojwa bandarini, na kwamba breki moja kati ya nyingi si kitu. Kijana akajibu kwa adabu, lakini hakuondoka. Akamwita fundi.

Hapa, wasomaji, hatuna budi kukiri kosa letu. Jua lilikuwa likizama, nasi tulimwona dada yetu akitazama mlango. Tukamwambia kijana kwa ukali, "Mama yako anakungoja, nawe wapima vijiti kwa chaki!" Alinyamaza muda, kisha akasema, "Mjomba, mama anangoja anione nikija. Hangoji kuletewa habari zangu." Tukaona haya, tukaketi juu ya jiwe.

Fundi alitoka Ilula kwa pikipiki, lakini lainingi na mkono mpya vililetwa kutoka Iringa. Alibadilisha lainingi za gurudumu lile na za mwenzake wa upande wa pili katika ekseli ileile, kwa maana ekseli ikishika upande mmoja zaidi, tela huvutwa kando. Kazi ilikwisha saa tisa usiku. Kijana akamwaga maji yaliyojikusanya katika mitungi ya upepo, akapima vijiti vyote tena, ndipo akawasha.

Aliingiza gia nzito kabla hatujaanza kuteremka, kwa kuwa katikati ya mteremko huenda gia zikakataa kuingia. Hakukanyaga breki muda wote. Mwendo ulipofikia kiasi alichojiwekea, alikanyaga kwa nguvu mpaka ukapungua kama kilomita 8 kwa saa, kisha akaachia, akaiacha injini ishike. Hivyo breki zilipata kupumua. Mpaka tulipofika Mahenge, chini ya mlima, hatukusikia harufu yoyote ya kuungua.

Baadaye alitutajia dalili za breki zinazokwisha, nasi twaziandika hapa, maana miongoni mwa wasomaji wako wenye watoto madereva na matingo. Harufu ya kuungua au moshi gurudumuni. Sauti ya chuma kukwaruza chuma. Lori kuvutwa upande mmoja likishikwa breki. Pedali kudai kukanyagwa zaidi kuliko jana. Mshale wa upepo kushuka upesi. Mafuta ya habu yaliyovuja juu ya lainingi. Nyufa katika dramu. Na gurudumu moja kuwa baridi, au moto mno, kuliko wenzake. Mtu asiingie uvunguni kabla magurudumu hayajazuiwa kwa mawe au kabari. Na lori likisimama kwa sababu ya breki za moto, zisimwagiwe maji, bali ziachwe zipoe zenyewe, kwani dramu ya moto ikipata maji ghafula huweza kupasuka.

Tulifika hospitalini saa nne asubuhi. Dada yetu alikuwa ameingizwa saa mbili. Tulikaa kwenye benchi mpaka mchana bila kusemezana, kwa kuwa kila mmoja alijua mwenzake awaza nini. Alasiri alitoka, akafumbua macho, akauliza kwa sauti ndogo, "Mlikuwa wapi?" Mwanawe akasema, "Breki, mama." Akamtazama kitambo, akamshika mkono wenye grisi, akasema, "Vema. Mimi nilikuwa nawangoja nyote wawili."

Dada yetu alipona. Mpwa wetu alikatwa sehemu ya posho ya safari ile kwa kuchelewesha shehena, wala hakurudishiwa mpaka leo. Twalitaja hili ili msidhani kwamba kutenda haki hakuna gharama.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa ukutani huonekana na kila apitaye; ufa wa breki huonekana na yule tu akubaliye kusimama na kuinama. Nao wanaomzuia asisimame si matajiri peke yao. Ni abiria anayenung'unika, ni mwenye duka aliyeagiza saruji, ni mjomba mwenye haraka. Basi, ndugu, mkiona lori limesimama juu ya mlima na kijana amelala chini ya tela, msimcheke wala msimharakishe. Wapelekeeni maji ya kunywa. Na kama mna kipande cha chaki, wapeni.