Mke Aliyebaki Nchi Kavu: Kumbukumbu za Mbio za Everglades

Everglades Challenge ni mbio za boti ndogo za maili 300 hivi, yaani kilomita 480, kwenye pwani ya magharibi ya Florida nchini Marekani. Zilianza mwaka 2001 chini ya kikundi cha WaterTribe, kilichoanzishwa na Steve Isaac, na hufanyika mwezi Machi. Kayaki, mitumbwi na mashua ndogo za tanga huondoka ufukwe wa Fort De Soto, kwenye Tampa Bay, na kumalizia Key Largo. Mshiriki huburuta chombo chake mwenyewe hadi majini, hupita vituo vitatu vya ukaguzi, na ana siku 8 za kumaliza. Hakuna kundi la kumfuata na chakula au vifaa. Kila mmoja, hata hivyo, huacha nchi kavu mtu wa kupigiwa simu. Mwandishi wa kumbukumbu hizi, mtunza hesabu wa ghala la vifaa vya ujenzi, aliifanya kazi hiyo kwa misimu mingi, na mpiga kasia alikuwa mumewe.

Kazi huanza kabla ya boti kuguswa na maji. Kwanza huandaliwa hati ya safari: rangi ya kayaki na ya jaketi la kuokolea, kiasi cha maji ya kunywa, dawa anazotumia msafiri, njia anayokusudia kupita na mahali anapoweza kulala. Pili ni kifaa cha dharura kinachorusha ishara ya megahezi 406. Nchini Marekani kifaa hicho husajiliwa kwa shirika la serikali, NOAA, na usajili huhuishwa kila baada ya miaka 2. Ishara ikipokewa, waokoaji huzipigia namba zilizosajiliwa kuuliza kama mwenyewe yuko baharini kweli, na katika chombo cha namna gani. Jibu la haraka na sahihi hufupisha msako. Kwa hiyo nakala moja ya hati ilibandikwa ukutani nyumbani, kando ya simu, na nyingine ikakaa katika droo ya ofisini.

Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote: kukubaliana juu ya maana ya ukimya. Kifaa cha kufuatilia hutuma mahali alipo msafiri kupitia setilaiti, mara nyingi kila dakika 10, na nukta huonekana kwenye ramani. Nukta zikikatika, sababu huwa nyingi na nyingi hazina madhara: betri zimekwisha, kifaa kimegeuka chini juu, au matawi ya mikoko yameziba anga. Hofu haiwezi kuzitofautisha sababu hizo. Mume na mke walikaa mezani kabla ya safari, akili zikiwa zimetulia, wakaandika saa za kusubiri kwa kila kipande cha njia. Kwenye bahari ya wazi saa zilikuwa chache. Kati ya Chokoloskee na Flamingo, ambako njia hupita katika mito ya mikoko na mtandao wa simu ni wa kubahatisha, ziliongezwa. Saa zikipita, mke hupiga simu kwa waandaaji, kisha kwa Walinzi wa Pwani, bila kujiuliza kama anasumbua watu.

Mbio zikianza, kazi ni kusoma. Mwandishi alifungua daftari la safu tano, kama alivyozoea ghalani: saa, mahali, mwendo, upepo, na maji kujaa au kupwa. Nukta peke yake husema kidogo. Ikiwekwa kando ya jedwali la maji huanza kueleweka. Mwendo ukishuka ghafla karibu na mlango wa Boca Grande, huenda ni mkondo unaomkabili. Nukta ikikaa mahali pamoja kwenye Florida Bay wakati maji yamekupwa, huenda kayaki imekwama kwenye tope na mwenyewe anangoja maji yajae. Inayotia wasiwasi ni nukta inayosogea polepole usiku kufuata upepo, nje ya njia, kwani hivyo ndivyo chombo kisicho na mtu kinavyokwenda.

Machi pia huleta hewa baridi kutoka kaskazini: upepo wa kusini-magharibi hukaza, kisha hugeukia kaskazini. Tarehe 7 Machi 2015, siku ya kuanza mbio, upepo mkali na mawimbi viliwakumba washiriki ndani ya Tampa Bay. Boti nyingi zilipinduka, Walinzi wa Pwani wakawaokoa watu wengi, na mbio zikasimamishwa.

Nyumbani, habari hutoka kinywa kimoja. Mama mkwe alipigiwa simu asubuhi na jioni, naye akaombwa asikeshe akitazama ramani. Usingizi wa mke uligawanywa kwa kengele, kwa sababu asiyelala hukosea hesabu, na kazi ya ghala ilikuwa ikimngoja asubuhi.

Mume akipiga simu kutoka kituoni, maswali huwa mafupi: amelala lini, amekula nini, mikono ikoje, mkojo una rangi gani. Habari za bili na bomba linalovuja hazitajwi. Ulimi ukiwa mzito, ushauri ni mmoja tu: lala kwanza, ndipo uamue kuendelea au kuacha.

Mwisho kabisa ni gari na trela. Hutolewa Fort De Soto, hukata Everglades kwa barabara kuu namba 41, na kufika Key Largo kabla ya kayaki. Ndani huwa na nguo kavu, maji, chakula chenye chumvi na dawa ya vidonda vya miguu. Mpiga kasia hashiki usukani mpaka alale usiku mzima. Waandaaji na ndugu hujulishwa kwamba amefika, na vifaa huoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Baada ya siku chache daftari hulinganishwa na kumbukumbu zake, na saa za kusubiri hurekebishwa kwa ajili ya msimu ujao.