Kaburi la Nyali

Mwezi wa nane mwaka jana tulitoa viti vya nyuma vya Hiace yetu, ile inayobeba ndizi kwenda soko la Mbuyuni, tukatandika godoro, tukapakia jiko dogo la gesi, madumu mawili ya maji, sufuria, Biblia na kitabu cha nyimbo. Majirani zetu hapa Mamba walishangaa. Wazee wenye miaka 38 ya ndoa husafiri kwenda kwa ndugu. Hawaendi kulala ndani ya gari kando ya bahari. Mzee mmoja wa kanisa alituuliza kama kuna msiba Mombasa. Hatukujua tumjibu nini, maana kwa namna fulani ulikuwepo.

Binti yetu alifariki akijifungua, na mtoto wake wa kike akamfuata kabla hakujapambazuka. Sasa wamelala kwa mumewe, Machame, kama ilivyo desturi. Jumuiya ilikaa nasi jioni baada ya jioni, na tunaishukuru hadi leo. Lakini lilikuwepo neno lililotuchoma, kwamba ni mapenzi ya Mungu. Walilisema kwa upendo. Baada ya hapo mmoja wetu aliacha kuimba kanisani, mwingine akawa anaimba kwa sauti kubwa kuliko zamani, na wala hatukuweza kulizungumza jambo hilo mezani. Miaka miwili ikapita hivyo. Kisha mkwe wetu akatuma ujumbe: anataka kujengea kaburi kabla ya Desemba, watu wanaporudi nyumbani, tuyasome maneno ya kwenye jiwe, tuseme kama yako sawa. Lilikuwepo jina la binti yetu, tarehe mbili, na chini yake, "pamoja na mtoto". Hatukujibu.

Mmoja wetu alifundisha historia shuleni, na ndiye aliyekumbuka kaburi la Nyali. Sisi wa mlimani tunahesabu habari zetu tangu 1893, Wamisionari wa Leipzig walipoanza kazi Machame. Wengine huanzia Mei 11, 1848, Johannes Rebmann alipouona mlima wetu na theluji yake, halafu wasomi wa Ulaya waliokaa vitini wakambishia. Lakini Rebmann alikuja kwa miguu kutoka Rabai, karibu na Mombasa, alikokuwa na mwenzake Ludwig Krapf; na kabla ya kituo cha Rabai kulikuwa na kaburi la mwanamke.

Tulipita Himo, tukavuka mpaka Holili, tukashika njia ya Taveta hadi Voi. Usiku wa kwanza tuliegesha kwenye uwanja wa nyumba ya wageni, malori yakinguruma hadi alfajiri. Rabai hatukukaa sana. Kesho yake tuliingia kisiwani Mombasa, tukatoka kwa daraja la Nyali kwenda bara, tukaulizia kaburi. Bodaboda wawili hawakulijua, wa tatu akatuongoza.

Krapf na mkewe Rosine walifika Mombasa 1844. Julai mwaka uleule Rosine alijifungua mtoto wa kike, akashikwa na homa, akafa. Siku chache baadaye mtoto naye akafa. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa hiyohiyo. Baadaye aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi hilo ni ishara kuwa kazi imeanza katika pwani hii. Maneno hayo yamehubiriwa mara nyingi, na huenda yaliwatia wengi moyo. Sisi tulisimama pale kwenye jua tukaona hatuyapendi. Mke si jiwe la msingi. Tulilisema kwa sauti, wote wawili, na lilikuwa jambo la kwanza kukubaliana kuhusu kifo tangu tulipozika.

Lakini kuna kingine cha Krapf kisichohubiriwa. Kabla ya Mombasa, wakiwa safarini upande wa Abisinia, Rosine alijifungua njiani kabla ya siku zake, na mtoto hakuishi. Wakamwita Eneba, yaani chozi. Hawakuandika "mtoto". Na mwaka uleule wa kaburi la Nyali, Krapf alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Anayetafsiri Mwanzo hana budi kufika sura ya 35, Raheli anapokufa njiani akijifungua na Yakobo kusimamisha nguzo juu ya kaburi lake. Tuliisoma sura hiyo tukiwa tumekaa kwenye ngazi ya gari. Haisemi kwa nini Raheli alikufa. Inasema alizikwa wapi, na mtoto aliitwa nani: mama alimpa jina moja, baba akampa jingine.

Tulirudi kwa njia ya chini, kivuko cha Likoni, kisha Lunga Lunga na Horohoro, hadi Tanga. Tuliegesha karibu na bahari Raskazone, tukakaanga samaki. Gari lilinuka hadi Moshi, na wateja wa ndizi walilalamika wiki nzima. Usiku ule tulimpigia mkwe wetu. Kwetu Uchagani jina la mtoto wa kwanza hutoka upande wa baba, halikuwa letu kulitoa. Tulimwomba tu kwamba jiwe lisiseme "mtoto".

Akanyamaza hadi tukadhani mtandao umekatika. Kisha akasema amekuwa akimwita kwa jina la mama yake tangu usiku ule. Hakuwahi kumwambia mtu, kwa kuwa mtoto hakubatizwa, naye hakujua kama inaruhusiwa. Tukamwambia aliandike.

"Fundi anatoza kwa herufi," akasema, "na jina la mama ni refu."

Tukamwambia herufi hizo tutazilipa sisi.